MCHEZO UKILALA, KIJIJI KINAPOTEZA NINI?
Historia ya vikundi vya mganda na kioda, Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa



Katika matoleo yaliyotangulia tumewaletea taarifa za visima, miche ya kahawa na vikundi vya kuweka na kukopa. Safari hii tumeona ni vema tuandike juu ya ngoma. Tunajua wapo watakaoshangaa na kuuliza, ngoma na maendeleo wapi na wapi? Hata sisi tuliuliza hivyo zamani. Kilichotufundisha ni kosa letu wenyewe, na ni haki tuanze nalo.

KISA CHENYEWE

Miaka kadhaa iliyopita tulipanga mkutano wa mradi wa maji katika kijiji kimoja cha mwambao, kusini mwa Liuli. Barua tulituma mapema, na siku tulichagua sisi kwa kufuata ratiba ya gari na ya afisa aliyekuwa aje pamoja nasi. Tulipofika tuliwakuta mwenyekiti wa kijiji, wazee wanne na watoto. Tulisubiri hadi saa nane mchana. Hakuna aliyekuja. Tuliporudi ofisini tuliandika katika ripoti kuwa “mwitikio wa jamii ni mdogo”.

Ripoti ile haikuwa ya kweli. Siku hiyo kijiji kizima kilikuwa kijiji cha jirani, kwenye mchezo wa mganda. Walikuwa wamejiandaa kwa miezi. Walichanga fedha za sare, wakapanga mitumbwi ya kuwavusha akina mama na watoto, wakateua watu wa kulinda nyumba. Mzee mmoja kati ya wale wanne alituambia kwa upole, “Ninyi mmeandika barua moja. Wenzenu wameandikiana tangu mwaka jana.”

Kamati ya maji tuliyoiunda baadaye, kwa semina ya siku tatu na posho, ilidumu muda mfupi ikafa. Kikundi cha mganda cha kijiji hicho, ambacho hakijawahi kupata semina hata moja, kiliendelea kuwa na mwenyekiti, mweka hazina, daftari la michango na utaratibu wa kuwatoza faini wachelewaji. Tangu hapo tukaanza kuuliza: hawa watu walijifunza wapi kujiongoza hivi? Jibu ni historia ndefu kidogo, na tunaomba mtuvumilie.

CHIMBUKO LA MGANDA

Wengi hudhani kuwa mganda ni ngoma ya tangu na tangu. Sivyo. Mganda ni mtoto wa ngoma ya beni, na beni ilizaliwa pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890. Vijana wa pwani waliziona bendi za wanamaji na za shule za misheni, wakaanzisha vyama vyao vya ngoma vyenye sare, gwaride, tarumbeta na vyeo. Neno beni lenyewe limetokana na bendi. Vyama hivyo vilikwenda viwiliviwili kwa ushindani, maana bila mshindani hakuna mchezo. Majina mawili yaliyovuma sana ni Marini na Arinoti, na beni yenyewe kutoka pwani ya Kenya ilishuka hadi Tanga na Dar es Salaam.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyoisambaza beni bara. Huku kwetu vita hiyo ilifika mapema sana. Tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo hapo Liuli, ambapo wakati ule Wajerumani walipaita Sphinxhafen. Vita ilikuwa na siku chache tu tangu itangazwe, na hilo huhesabiwa kuwa miongoni mwa mapigano ya kwanza ya majini ya vita nzima. Miaka minne iliyofuata, vijana wa pande zote za ziwa walichukuliwa kuwa askari na wapagazi. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu. Mwaka 1917 jeshi la Wajerumani lilivuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji, na mwaka 1918 likarudi na kupita katika nchi ya Songea kabla ya kusalimu amri huko Abercorn mwezi Novemba.

Katika kambi za askari na wapagazi wa pande zote mbili, beni ilichezwa. Waliobahatika kurudi nyumbani walirudi nayo. Lakini kijijini hapakuwa na tarumbeta wala fedha ya kuinunua. Basi wakatumia kilichopo. Walichukua vibuyu, wakavitoboa, wakafunika tundu kwa utando wa buibui, na mtu alipoimbia ndani sauti ilitoka nzito yenye mtetemo, inayokaribia sauti ya tarumbeta. Wakaongeza ngoma kubwa ya kupiga hatua. Upande wa Malawi wengi huita mchezo huu malipenga, na kwingine mganda. Kwetu Umatengo na kwa Wanyasa wa mwambao jina lililobaki ni mganda. Kandoni mwake ukakua mchezo wa akina mama, kioda, ambao wengine hutamka kihoda, na ambao wenzetu wa Malawi wanaufahamu kama chioda.

Mwanahistoria Terence Ranger alikifuatilia kisa hiki chote katika kitabu alichokichapisha mwaka 1975 juu ya beni na jamii ya Afrika Mashariki. Kikubwa kilichomvutia ni jinsi watu waliodhulumiwa na vita walivyochukua gwaride la jeshi lililowatesa na kuligeuza kuwa mali yao, kwa furaha na kwa heshima ya vijiji vyao.

MUUNDO WA KIKUNDI

Mtu akiutazama mganda kwa mara ya kwanza ataona safu za wanaume waliovaa sare, mara nyingi nguo nyeupe, wakienda hatua fupi fupi kwa pamoja kama askari waliokula kiapo cha kutoharakisha. Lakini mchezo ule uwanjani ni kama suke la mahindi. Shina na mizizi viko kijijini.

Kwanza, kikundi ni cha mahali. Kijana hachezi anakopenda, anachezea kijiji chake. Aliyeoa kijiji cha pili huleta mvutano mkubwa, na wazee hukaa kuamua ni wa nani.

Pili, kikundi kina vyeo. Tangu enzi za beni kulikuwa na mfalme, kapteni, meja, na hata daktari na nesi wa kuwahudumia wachezaji. Siku hizi vyeo vya kijeshi vimechanganyika na vya ushirika na vya chama: mwenyekiti, katibu, mweka hazina. Mwenye cheo anaweza kuondolewa asipofaa, na hilo hufanyika hadharani.

Tatu, kikundi kina hazina. Fedha hutokana na michango na faini, na pengine kazi ya pamoja, kama kumlimia mtu shamba kwa ujira. Katika milima ya Umatengo, ambako watu wanalima kwa ngoro, yaani vishimo vilivyozungukwa na matuta ya kuzuia mmomonyoko, kazi ya pamoja si jambo geni. Fedha hiyo hununua sare, ngozi ya ngoma na chakula cha wageni, lakini vilevile hutoka kunapotokea msiba au mwanachama anapougua.

Nne, kikundi kina mtunzi wa nyimbo. Huyu ndiye gazeti la kijiji. Nyimbo husifu, huonya, huomboleza na kusema juu ya bei ya kahawa, ugonjwa, viongozi wabaya na wake wavivu au waume walevi. Akina mama wa kioda hawabaki nyuma. Mambo ambayo mwanamke hawezi kuyasema mbele ya wazee barazani, huyaimba uwanjani na hakuna wa kumkamata.

MWALIKO NA DENI LAKE

Moyo wa mchezo huu ni mwaliko. Baada ya mavuno, kiangazi kinapokuwa kimekauka vizuri, kijiji kimoja hukiandikia kingine. Wageni hufika kwa miguu, kwa mtumbwi au kwa lori. Wenyeji huwalaza na kuwalisha: milimani ugali, maharage na nyama, mwambaoni samaki na dagaa wetu wa Nyasa, usipa. Kisha pande zote hucheza, wakati mwingine kwa siku mbili. Waamuzi huweza kuwapo, lakini mwamuzi mkuu ni umati. Watu wakikimbilia upande wa pili wa uwanja, hakuna haja ya kuhesabu alama.

Halafu linabaki deni. Aliyealikwa lazima naye aalike, na alishe vizuri kama alivyolishwa au zaidi. Anayeshindwa hubaki na aibu hadi atakapolipa. Kwa njia hii vijiji vilivyotenganishwa na milima na maji vimefungamanishwa kwa miaka mingi na kamba ya chakula na nyimbo. Ndoa nyingi zimeanzia hapo. Ugomvi wa mipaka umesuluhishwa hapo. Na mwaka wa njaa, watu wanajua ni kijiji gani wamekilisha na kinaweza kuwalisha.

Wasomaji wetu watakuwa wameshatambua sura hii. Kwaya zetu za usharika ndivyo zilivyo. Zina sare, mwalimu, mwenyekiti, mweka hazina, mwaliko, safari, mashindano, na wenyeji wanaolaza na kulisha wageni. Hatusemi kwaya imetoka kwenye mganda. Tunasema tu kwamba watu wetu wana namna yao ya kujipanga, na wakipewa jambo jipya hulivisha vazi hilo hilo. Hata mpira wa miguu umevaa vazi hilo. Timu ya Majimaji ya Songea, iliyocheza Ligi Kuu kwa misimu mingi, mashabiki wake huiita Wanalizombe, kwa jina la ngoma ya Wangoni.

MASHAKA YA WAKUBWA

Vikundi hivi havikupendwa na kila mtu. Baada ya vita, maofisa wa kikoloni wa Kiingereza waliviogopa. Waliona vyama vyenye vyeo na matawi kutoka mji hadi mji, wakahisi ni njama ya uasi. Wamisionari wengi nao waliviona kuwa upotevu wa muda na chanzo cha ulevi.

Eneo letu lina historia yake ya pekee katika hili. Milima ya Mbinga ilipokea Injili kwa mikono ya Wabenediktini Wakatoliki, na mwambao kwa Waanglikana waliokuwa na kituo chao kikuu kisiwani Likoma. Sisi Walutheri ni wachache na tumekuja baadaye. Lakini mjadala wa ngoma umetukuta sote. Hadi leo wapo wazee wa kanisa wanaowasimamisha vijana waliokwenda kwenye mchezo, na wapo wanaokwenda wenyewe.

Hatutaki kuziamulia kamati za sharika. Tunaomba jambo moja tu: kamati inapokaa, iseme wazi inakataza nini. Kama tatizo ni pombe, liitwe pombe. Kama ni usiku na usalama wa mabinti, lisemwe hivyo, na liwekewe utaratibu. Kuikataza ngoma yenyewe bila kutaja sababu kumetupotezea vijana wenye nidhamu kuliko wengi tulio nao vitini.

KWA NINI MCHEZO ULILALA

Watu wa Umatengo wana usemi kwamba mchezo umelala. Hawasemi umekufa. Mtafiti Stephen Hill, aliyefanya kazi yake Umatengo katika miaka ya 1990, aliuchukua usemi huo kuwa jina la sura yake katika kitabu kiitwacho Mashindano!, kilichotolewa mwaka 2000. Hoja yake inatuhusu sana, maana anaunganisha mchezo na uchumi.

Mganda unahitaji ziada. Bila fedha ya sare na chakula cha wageni hakuna mwaliko, na bila mwaliko hakuna mchezo. Kwa Mbinga ziada hiyo ilikuwa kahawa. Fedha ya kahawa ilikuja kwa wakati mmoja, kupitia ushirika, na watu wote waliipata kwa pamoja. Kijiji kiliweza kupanga. Vyama vikuu vya ushirika vilifutwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na huku kwetu kikawapo Chama Kikuu cha Ushirika Mbinga, MBICU. Katika miaka ya 1990 biashara ya kahawa ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na katika miaka hiyo hiyo MBICU ikaanguka. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 bei ya kahawa duniani iliporomoka vibaya. Mkulima mmoja aliuza leo, mwingine mwezi ujao, wa tatu aliuza ikiwa bado mtini kwa mkopo wa riba. Siku ya kuchanga ilipofika, kila mmoja alikuwa na hali yake.

Hapo ndipo barua za mwaliko zilipopungua. Deni la zamani halikulipwa, na kwa kuwa halikulipwa, watu waliona aibu kutembeleana. Umaskini haukuondoa ngoma tu, uliondoa na ujirani. Hili ni jambo ambalo fomu zetu za tathmini hazina safu ya kuliandika.

Zipo sababu nyingine. Vijana wengi huondoka kwenda mijini, kama babu zao walivyokwenda kwenye mashamba ya mkonge Tanga na migodi ya Afrika Kusini. Tofauti ni kwamba babu walirudi na nyimbo mpya. Zipo pia televisheni na simu. Lakini tukiwasikiliza wazee vizuri, wanaanza na kahawa.

HALI ILIVYO SASA

Mchezo haujafa. Bado utakuta vikundi vya mganda na kioda Mbinga, na katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, yenye makao makuu Mbamba Bay. Barabara ya lami ya kilomita 66 kati ya Mbinga na Mbamba Bay imekamilika katika miaka hii ya 2020, na safari ya milimani hadi ziwani iliyokuwa ikichukua siku nzima wakati wa masika sasa ni ya saa chache. Kwa wachezaji, hiyo ni mialiko iliyo rahisi zaidi.

Lakini mara nyingi siku hizi tunawaona vikundi hawa katika hali nyingine. Wanaitwa kumpokea mgeni rasmi. Wanacheza dakika kumi, wanapewa soda na bahasha ndogo, wanarudi nyumbani. Nasi tumefanya hivyo katika uzinduzi wa miradi yetu, na picha zake tumezichapa humu humu. Si vibaya kumpokea mgeni kwa ngoma. Ila tutambue kuwa huo si mchezo. Hauna mshindani, hauna mwaliko na hauachi deni. Kikundi kinachozoea bahasha huacha kuchanga, na kinapoacha kuchanga, daftari la mweka hazina hufungwa.

TUMEJIFUNZA NINI?

Kutokana na hayo, ofisi ya miradi imebadilisha mambo machache, nasi tunaziomba kamati za sharika zitusaidie kuyasimamia.

1. Kabla ya kupanga tarehe ya mkutano au semina kati ya Julai na Oktoba, tuulize kwanza kalenda ya michezo na ya kwaya.

2. Kabla ya kuunda kamati mpya, tuulize ni vikundi gani vipo, nani ni mweka hazina wao na kwa nini wanamwamini. Si lazima kikundi cha ngoma kisimamie kisima. Lakini mtu aliyetunza fedha za sare kwa miaka bila manung’uniko ni mtu wa kufikiriwa.

3. Akina mama wa kioda wapewe nafasi ya kusema kwa njia yao. Katika kijiji kimoja tulielewa tatizo la foleni ya maji usiku kwa kusikiliza wimbo wao, baada ya mikutano mitatu ya hadhara iliyokwisha bila mwanamke hata mmoja kunyosha mkono.

4. Tusilipe posho kwa mchezo. Kwa wafadhili wetu tunasema hili kwa heshima: tumepokea maombi mema ya kununua sare na ngoma kwa ajili ya vikundi, nasi tumeyakataa. Sare iliyochangwa na wanakijiji ni ya kijiji. Sare ya msaada ni ya mradi, na mradi ukiisha hakuna anayeifua. Wanaotaka kuamsha mchezo wasaidie bei ya kahawa: mashine ya kumenya, mafunzo ya ubora, na chama cha msingi chenye hesabu safi. Ziada ikirudi, watu wenyewe wanajua waitumie wapi.

HITIMISHO

Mwaka uliopita tulirudi katika kijiji kile cha kusini mwa Liuli. Safari hii tuliuliza tarehe kwanza. Tuliambiwa tusije Jumamosi kwa sababu kulikuwa na wageni wa mganda kutoka milimani, deni la miaka mingi lilikuwa linalipwa. Tulikwenda Jumamosi hiyo hiyo, lakini kama watazamaji, tukakaa chini ya mwembe pamoja na wengine na tukala usipa.

Jumatatu tulifanya mkutano wetu wa maji. Uwanja ulijaa. Mweka hazina wa kikundi alikuwa ameketi mstari wa mbele, na kabla hatujafungua kikao alinyosha mkono akauliza, “Fedha za matengenezo zitatunzwa na nani, na daftari tutaliona lini?”

Swali hilo ndilo tulilokuwa tukilitafuta kwa miaka mingi ya semina.